Namna ya kumtetea mtu aliyekamatwa kwa kosa alilolazimishwa kulitenda: mwongozo kwa familia za Lubumbashi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, jirani, mwalimu, mchungaji au shefu wa kartié ambaye amepigiwa simu na kuambiwa kwamba mtu wake yuko kasho, yaani mahabusu ya polisi, na ambaye anahisi, hata kabla ya kuyajua mambo yote, kwamba mtu huyo hakwenda kuiba wala kubeba magendo kwa hiari yake. Unawahusu watu walionaswa katika biashara haramu ya binadamu kisha wakatumiwa kutenda makosa: mtoto anayetumwa usiku kukata nyaya za shaba, msichana anayevushwa mpaka wa Kasumbalesa akiwa amebebeshwa bangi, kijana aliyeahidiwa kazi Asia akajikuta amefungiwa ndani na kulazimishwa kutapeli watu kwenye intaneti. Sehemu kubwa ya maelezo ni ya siku mbili za kwanza baada ya kukamatwa, kwa sababu kesi za aina hii mara nyingi hupotea hapo, kabla wakili hajaliona faili.

Sheria inatafuta nini

Itifaki ya Palermo, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha Novemba 2000 na ambayo nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilijiunga nayo mwaka 2005, inaitambua biashara hii kwa mambo matatu. La kwanza ni kitendo: kumsajili mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni njia: nguvu, vitisho, utekaji, udanganyifu, au kuutumia vibaya unyonge wake. La tatu ni lengo, yaani kumnyonya. Kwa mtu mzima yote matatu lazima yaonekane, na ikiwa njia mojawapo kati ya hizo ilitumika, haijalishi tena kwamba mwenyewe alisema ndiyo. Kwa aliye chini ya miaka 18 njia haitafutwi kabisa. Ikionekana kwamba alichukuliwa au kupokelewa ili anyonywe, inatosha, hata kama alipanda gari akicheka.

Sheria zetu wenyewe zinafuata mkondo huo. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza kumtumia mtoto katika shughuli haramu, na inampa kifungo cha miaka 10 hadi 20 mtu anayeuza watoto au kufanya biashara ya kuwasafirisha. Desemba 2022 kanuni ya adhabu ya mwaka 1940 ilirekebishwa na kuongezewa masharti dhidi ya biashara haramu ya binadamu wa umri wowote, kwa sheria nambari 22/067. Kabla ya hapo, mwaka 2019, serikali ilikuwa imeunda wakala wa kitaifa wa kuzuia na kupambana na biashara hiyo, unaojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, APLTP. Yafaa kuyaandika majina haya kwenye karatasi kabla ya kwenda polisi, kwa kuwa ofisa anayesikia nambari ya sheria hukusikiliza tofauti na anayesikia kilio peke yake.

Juu ya haya kuna kanuni ya kutomwadhibu mwathirika. Mwaka 2002 ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa iliiweka katika mapendekezo yake: mwathirika asikamatwe, asishtakiwe wala asihukumiwe kwa makosa ambayo ni matokeo ya moja kwa moja ya hali aliyotiwa ndani yake. Ulaya iliiingiza katika mkataba wake wa mwaka 2005, na mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaitolea uamuzi mzito. Vijana wawili kutoka Vietnam, ambao majina yao yamefichwa kwa herufi V.C.L. na A.N., walikutwa Uingereza mwaka 2009 wakitunza bangi ndani ya nyumba zilizogeuzwa mashamba. Wote wawili walikiri kosa, wakafungwa. Mahakama ilisema kwamba serikali ilipaswa kuchunguza kwanza kama ni waathirika, kabla ya kuamua kuwashtaki, kwa kuwa dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Lubumbashi. Hata hivyo wakili mzuri huutaja, na familia inapaswa kuelewa kilichowaponza vijana wale: walikubali haraka, na hakuna aliyeuliza nyumba ile ilikuwa ya nani.

Nani aliyefika kasho kabla yako?

Tuchukue mfano utakaotusindikiza katika maelezo yanayofuata. Mvulana wa miaka 15 ametoka Mwene-Ditu kwa treni, amelipiwa nauli na mtu aliyemwahidi kazi ya kupanga bidhaa dukani. Alipofika mjini akalazwa kwenye dipo, yaani ghala, la mnunuzi wa mitraye (vyuma chakavu), akapewa msumeno, akaambiwa kwamba nauli, chakula na malazi ni deni, na kwamba deni hulipwa kwa shaba. Usiku mmoja wenye ulinzi wanamkamata chini ya nguzo ya umeme akiwa na roli la waya begani. Wakubwa wawili waliokuwa naye wamekimbia, kwa kuwa wanaijua njia.

Unapofika kasho, kabla hujauliza ameshtakiwa kwa kosa gani, uliza ni nani amekwisha kuja kumwona. Patroni anayewatumia watoto kuiba hapendi mtoto wake alale ndani usiku wa pili, kwa sababu mtoto aliyelala ndani huanza kusema. Kwa hiyo mara nyingi yeye ndiye hufika wa kwanza, au humtuma mtu anayejitambulisha kuwa mjomba, yaya (kaka mkubwa) au mwajiri, mwenye makuta mkononi na adabu nyingi mdomoni. Anaomba jambo limalizwe kwa amande, yaani faini. Familia inayofika baadaye na kusikia kwamba kuna mtu mwema aliyejitolea kulipa humshukuru, pengine hata kumbariki.

Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inamruhusu OPJ, yaani ofisa wa polisi anayepeleleza kesi, kwa makosa fulani, kupendekeza amande ili jambo liishe pale pale. Kulipa si sawa na kukiri, na sisemi kwamba ni kosa. Tatizo ni kwamba faili hufungwa bila jina la patroni kuandikwa popote, mtoto anakabidhiwa kwa aliyelipa, na kila franga iliyotolewa inaongezwa kwenye deni lile lile. Kesho yake anarudishwa kwenye nguzo. Nionavyo mimi, amande iliyolipwa haraka na mtu asiyejulikana huwaokoa wauza watu wengi zaidi kuliko wakili yeyote wa gharama kubwa.

Kwa hiyo mtu akija na fedha, usigombane naye. Mwombe jina lake, uliza anamjua mtoto tangu lini na anaishi wapi, na umwombe OPJ kwa upole aandike katika PV, yaani hati rasmi ya mahojiano, kwamba fulani amejitokeza kutaka kulipa. Mwenye nia safi hatakataa kuandikwa. Mwenye nia nyingine hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli mjini. Kuna hali ambapo kulipa hakuepukiki, kwa mfano mtoto ni mgonjwa au anapigwa na wafungwa wakubwa na kila saa ni hatari. Basi lipeni nyinyi familia, mchukue risiti, na msiondoke kabla maelezo kuhusu patroni hayajaandikwa.

Saa 48

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inasema kwamba aliyekamatwa ajulishwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake na shutuma zilizopo, kwa lugha anayoielewa. Kwamba ana haki ya kuwasiliana papo hapo na familia yake au mtetezi wake. Na kwamba kizuizi cha polisi hakizidi saa 48. Zikipita, ama anaachiwa ama anakabidhiwa kwa mamlaka ya mahakama, yaani parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kusaidiwa na mtetezi katika hatua zote, tangu upelelezi wa polisi.

Mtu akipelekwa parke, mwendesha mashtaka anaweza kumtolea hati ya kukamatwa ya muda, ambayo nguvu yake ni siku 5. Ndani ya muda huo lazima afikishwe mbele ya hakimu. Hakimu akiridhia kizuizi cha awali, siku za kwanza ni 15, kisha huongezwa mwezi mmoja mmoja. Andika tarehe na saa ya kila hatua katika daftari. Kwa mtu mzima, kila hatua inayopita bila hoja ya kulazimishwa kutajwa humsogeza kuelekea gereza la Kasapa, na aliyekwisha kuingia Kasapa hutazamwa na watu wote, hata na ndugu zake, kama mhalifu ambaye sasa anatafuta kisingizio.

Wakili asiyelipwa anapatikana kupitia ofisi ya ushauri wa bure ya Baraza la Mawakili. Nenda asubuhi, ukiwa na jina kamili la mshikwa, mahali anaposhikiliwa, saa aliyokamatwa na kosa lililotajwa. Kama huna la mwisho, usisubiri. Nenda na hayo matatu.

Maneno yanayoingia katika PV

PV huandikwa kwa Kifaransa. Mahojiano hufanyika kwa Kiswahili. Mvulana wetu wa Mwene-Ditu anazungumza Kiluba cha Kasai, na Kiswahili chake ni kile cha sokoni alichokiokota katika majuma machache. Kati ya lugha hizo tatu, deni, dipo, msumeno na vitisho vinaweza kuyeyuka vyote, likabaki neno moja: nilikata. Omba mkalimani, na asiwe mtu aliyeletwa na patroni. Kiluba cha Kasai ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba, kwa hiyo si fadhila unayoiomba. Asiyejua Kifaransa asitie sahihi wala alama ya kidole kabla ya kusomewa na kutafsiriwa yaliyoandikwa, na akikataa kutia sahihi, sababu ya kukataa iandikwe.

Angalia tofauti ya sentensi mbili. Ya kwanza: «Nakiri kwamba nilikata waya wa shaba ili niuze.» Ya pili: «Nilikata waya kwa amri ya mtu aliyenileta kutoka Mwene-Ditu, ambaye nililala kwenye dipo lake, ambaye aliuchukua waya wote bila kunilipa, na ambaye alimpiga mwenzangu kwa nondo alipotaka kuondoka.» Kitendo ni kile kile katika zote mbili, wala mvulana hajasema uongo katika yoyote. Lakini ya kwanza inamwonyesha mwizi, na ya pili inaonyesha kitendo, njia na lengo, yaani kila kinachotafutwa na sheria tuliyoieleza hapo juu.

Ili sentensi ya pili ipatikane, lazima mtu amwulize vizuri, na mara nyingi mtu huyo ni wewe uliyemletea chakula. Kwa kawaida kasho zetu hazimlishi mshikwa. Bukari hutoka nyumbani. Dakika zile chache za kumkabidhi sahani, mlinzi akiwa ameegemea mlango, zitumie kwa maswali mepesi yenye majibu mafupi. Ulikuwa unalala wapi? Ufunguo alikuwa nao nani? Simu yako iko wapi? Ulivyoleta vilikwenda kwa nani, na wewe ulipata nini? Deni lilianzaje, na nani alikuwa analihesabu? Nani alijaribu kuondoka, na kilimpata nini?

Usimwulize kwa nini alikubali. Swali hilo linamfanya ajitetee, na anayejitetea husema alitaka mwenyewe ili aonekane mwanamume. Wala usitarajie machozi. Wengi huja na hadithi iliyokaririwa, yenye maneno yale yale kila inaporudiwa: sina patroni, nilitoka nyumbani peke yangu, waya niliuokota. Hadithi laini namna hiyo, isiyo na jina la barabara wala la mtu, ni dalili yenyewe. Wengine humpenda patroni, humwita baba, kwa kuwa ndiye mtu wa kwanza aliyewapa viatu. Mapenzi hayo hayafuti unyonyaji, ila yanaeleza kwa nini ukweli hutoka kidogo kidogo, na kwa nini maelezo ya nyongeza ya siku ya pili yasichukuliwe moja kwa moja kuwa ni uongo. Wakili anapaswa kumweleza hivyo mwendesha mashtaka kabla hajaulizwa.

Wapo pia wanaosema walilazimishwa ilhali hawakulazimishwa, na OPJ anawajua. Kinachowatenganisha ni vitu vidogo vinavyoweza kuhakikiwa. Aliyelala kwenye dipo anajua mlango unafungwa kwa kufuli au kwa komeo, mbwa anaitwaje, maji huchotwa wapi, nani hupima mzigo na mizani iko upande gani. Mtungaji anajua vitisho tu.

Ushahidi unaokusanywa nje

Mshikwa akiwa ndani, watu wa nje wana kazi yao. Tafuteni tiketi ya treni au jina la aliyelipa nauli. Ujumbe wa kutuma fedha kwa simu. Jirani aliyewaona watoto wakitoka usiku na kurudi alfajiri. Fundi au mama muuza maandazi anayejua ni wangapi wanalala pale. Msiende kwenye dipo wenyewe. Patroni akishajua mnamtafuta, watoto wengine waliobaki watahamishwa usiku huo, na mashahidi watapewa fedha au vitisho. Kwa sababu hiyo hiyo, picha ya mtoto au ya patroni isitupwe kwenye makundi ya simu, hata kama hasira ni kubwa.

Majeraha yapigwe picha mapema, na OPJ au mwendesha mashtaka aombwe kutoa hati ya kumtaka daktari ampime. Alama za kamba, makovu ya kuungua na kidonda kisichotibiwa husema zaidi ya barua ya mchungaji. Barua hiyo pia iletwe, haidhuru.

Umri

Hapa ndipo kesi nyingi hushinda au kushindwa bila kelele. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Chini ya miaka 14, sheria ya 2009 inamhesabu kuwa hawezi kuwajibika kwa jinai, na dhana hiyo haipingwi kwa ushahidi wowote. Kuanzia 14 hadi kabla ya 18, anayeshughulikia jambo lake ni mahakama ya watoto, ambayo huagiza uchunguzi wa kijamii kuhusu alikotoka, anaishi na nani na amefikaje hapo. Uchunguzi huo ndio nafasi bora ya kueleza habari za dipo na deni, kwa hiyo msaidieni mfanyakazi wa jamii aliyetumwa kuufanya: mpeni majina, nambari za simu na njia ya kuwafikia wazazi walioko Kasai.

Tatizo ni kwamba wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mshikwa mwenye mabega mapana huandikwa miaka 19 kwa kukadiriwa kwa macho. Leteni chochote kilichoandikwa kabla ya kukamatwa: kadi ya chanjo ya kliniki, kadi ya ubatizo, buleti ya shule (ripoti ya alama), orodha ya wanafunzi yenye mhuri wa mkurugenzi. Kama wazazi wako mbali, buleti iliyopigwa picha na kutumwa kwa simu huanzisha mazungumzo, nayo ya asili ifuate kwa basi au treni.

Jambo moja linalosahaulika hata na baadhi ya mawakili: kosa likihusisha silaha ya kivita, faili huelekezwa kwa haki ya kijeshi, hata kama mshikwa ni raia. Sheria ya mahakama za kijeshi ya tarehe 18 Novemba 2002 inasema waziwazi kwamba mahakama hizo hazina mamlaka juu ya mtu aliye chini ya miaka 18. Mtoto aliyepewa bunduki na genge, au aliyetoka katika kundi lenye silaha, hapaswi kusimama mbele ya majaji wa kijeshi, na hoja hiyo itolewe siku ya kwanza. Tangu Machi 2024, serikali ilipoondoa usitishaji wa kutekeleza hukumu za kifo, kuchelewa katika jambo hili kunaweza kuwa na gharama isiyorudishika kwa kijana aliyeandikwa umri usio wake.

Watoto wanaolala barabarani wana ugumu wa ziada. Baadhi yao walifukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, kosa ambalo sheria ya 2009 inamwadhibu mshutumu, si mtoto. Patroni huwapata kwa urahisi kwa sababu hakuna anayewatafuta. Kama wewe ndiwe uliyemfukuza na sasa umeitwa kasho, nenda hata hivyo. Hakimu anahitaji jina la mtu mzima.

Ikiwa ni mtu mzima

Kwa mtu mzima mzigo ni mzito zaidi. Lazima njia ionekane, na lazima ionyeshwe kwamba kosa lilitokana na hali hiyo, si na jambo lingine. Katika mafundisho ya sheria yetu ya jinai, kulazimishwa kusikozuilika huondoa uwajibikaji, lakini mahakama hutaka kuona kwamba mtu hakuwa na mlango wa kutokea. Usiishie kwenye kipigo. Hati ya kusafiria iliyochukuliwa, mtoto mchanga aliyebaki mikononi mwa patroni, deni lisiloisha, tishio la kuwadhuru wazazi kijijini, kutojua lugha ya mahali: vyote hivi hufunga mlango bila kamba. Pale ambapo kulazimishwa hakutoshi kumfutia mtu kosa, bado ni sababu ya kuomba adhabu nyepesi, na wakili aombe yote mawili kwa mpangilio huo.

Baadhi ya makosa huangaliwa kwa wepesi zaidi kuliko mengine. Mwanamke aliyekutwa bila karatasi za uhamiaji baada ya kuuzwa katika danguro, karibu kila mtu atamwelewa. Aliyelazimishwa kuwaleta wasichana wengine, naye pia akiwa mtumwa katika nyumba ile ile, hatapata huruma kwa urahisi, na familia za wale aliowaleta zina haki ya kukasirika. Kwa huyo, kila tarehe ina uzito: yeye aliingia lini, alianza kutumwa lini, alipata nini kwa kila msichana. Msifiche lolote kwa wakili.

Ng'ambo ya Kasumbalesa na mbali zaidi

Mpaka wa Kasumbalesa uko kilomita 90 hivi kutoka mjini, na aliyebebeshwa mzigo akikamatwa upande wa pili yuko chini ya sheria ya Zambia, ambayo ina sheria yake dhidi ya biashara haramu ya binadamu tangu mwaka 2008. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Lazima aombe mwenyewe. Mwambieni hivyo mkipata nafasi ya kuzungumza naye, kisha familia iandikie ubalozi wetu wa Lusaka ikitaja kituo cha polisi na tarehe. Msimtume mtu avuke na fedha taslimu mfukoni kutafuta ofisa wa kuzungumza naye. Mara nyingi anarudi bila fedha na bila ndugu, au harudi.

Kuhusu kambi za utapeli za Asia ya Kusini-Mashariki, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia walikuwa katika hali ya kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, na miongoni mwa mataifa yaliyoathirika kuna ya Afrika pia. Njia ni ile ile: tangazo la kazi ya kompyuta, tiketi iliyolipiwa, pasi iliyochukuliwa uwanjani, kiwango cha fedha cha kufikisha kila siku, kipigo kwa asiyefikisha. Ndugu yenu akifanikiwa kuwasiliana, msimwambie aandike maelezo marefu. Simu zao hukaguliwa. Mwombeni atume mahali alipo kwa alama ya ramani, jina la jengo, na mpaka aliovushwa, kisha afute. Hifadhini tangazo la kazi, mazungumzo na mpatanishi aliyeko hapa Lubumbashi, na risiti ya tiketi, kwa sababu baada ya kuokolewa anaweza kushtakiwa kule kwa kuingia nchini bila kibali au kwa utapeli wenyewe, na karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha alivyofika. Peleka nakala kwa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji na kwa Wizara ya Mambo ya Nje. Huyo mpatanishi wa hapa afunguliwe malalamiko parke; mara nyingi ni mtu wa kanisa moja na familia, na hilo ndilo huchelewesha mambo.

Baada ya kuachiwa

Asirudi alikokuwa analala, na ikiwezekana asikae katika komune ile ile. Idara ya mkoa ya mambo ya jamii inaweza kumpokea mtoto au kumtafutia familia ya muda wakati wazazi wanafuatiliwa, nayo iombwe kabla ya siku ya kuachiwa, si jioni ile anaposimama mlangoni hana pa kwenda. Kumpandisha treni peke yake kwenda Mwene-Ditu si suluhisho, kwa kuwa aliyemchukua mara ya kwanza anaijua nyumba ya wazazi wake. Akiombwa kutoa ushahidi dhidi ya patroni, awe na mtu mzima pamoja naye kila mara, na anwani yake mpya isiandikwe mahali ambapo upande wa pili unaweza kuisoma. Wakili ajue namna ya kuliomba hilo.

Mwisho, chukueni nakala ya uamuzi wa kumwachia, yenye mhuri na sahihi ya karani, mtengeneze nakala tatu na moja ibaki kwa wakili. Polisi wa barrière, yaani vizuizi vya barabarani, hawaoni faili la mahakama, na mvulana aliyewahi kukamatwa na shaba hushukiwa tena mara ya kwanza waya unapokatwa katika mtaa wake.